Mwalimu Anajibu: Kwa Nini Mlango wa Mto Hauishi Kuhama

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka katika ukanda wa pwani kati ya Bagamoyo na Tanga, na karibu zote zinauliza juu ya mchanga na tope vinavyoshuka na mito yetu: vinatua wapi, vinaondolewa na nini, na kwa nini gema la mto linaanguka mahali pamoja huku fungu likiota mahali pengine. Nimechagua tano. Barua mbili zilizouliza jambo moja juu ya mlango wa Ruvu nimeziunganisha, na zile ndefu nimezifupisha bila kugusa kiini cha swali.

Ndugu Mwalimu, salaam. Mimi ni nahodha wa mashua hapa Bagamoyo na huingia Ruvu mara kwa mara. Kila masika yakiisha, njia niliyoizoea huwa imekufa, na fungu la mchanga limeota mahali ambapo mwaka uliopita upondo haukufika chini. Vijana wangu wamekwisha kupwelewa mara nyingi. Je, kuna kanuni yoyote, au mto unajiendea tu? — Nahodha, Bagamoyo

Kanuni ipo, nahodha, na sehemu yake kubwa unaijua tayari, kwa kuwa mtu anayeshika upondo hujua maji yanakokwenda kasi na yanakolegea. Maji yaendayo kasi hubeba, na maji yaliyolegea huangusha. Jambo ambalo wengi hawalijui ni jinsi nguvu hiyo inavyoongezeka upesi. Uzito wa jiwe kubwa kabisa ambalo mto unaweza kulisukuma hukua kwa kipeo cha sita cha kasi ya maji, yaani kasi ikizidi mara mbili, mto unaweza kusukuma jiwe lenye uzito mara 64 ya lile la awali. Ndiyo maana siku chache za mafuriko ya masika hufanya kazi ambayo miezi yote ya kiangazi haiwezi kuifanya, na njia uliyoijua mwezi wa Februari isikufae tena mwezi wa Juni.

Ruvu hushuka kutoka milima ya Uluguru na mzigo wa kila aina. Mawe na changarawe hayafiki kwako, kwa sababu huachwa huko juu mteremko unapopungua. Vinavyofika ni mchanga, ambao hubiringika na kurukaruka karibu na sakafu ya mto, na tope, ambalo huelea ndani ya maji yenyewe na kuyapa rangi. Maji yakifika mlangoni hutanuka, mteremko hwisha, na kasi huanguka. Hapo kila chembe hutua kwa zamu yake. Chembe ya mchanga yenye upana wa milimeta 0.2 huzama meta moja kwa muda usiofika dakika moja, kwa hiyo mchanga hutua pale pale na kujenga fungu. Chembe ya tope yenye milimeta 0.02 huhitaji kiasi cha dakika 45 kuzama meta hiyo hiyo, na chembe ya udongo wa mfinyanzi yenye milimeta 0.002 huhitaji zaidi ya siku tatu, tena katika maji yaliyotulia kabisa.

Kwa hesabu hiyo udongo wa mfinyanzi ungepaswa kupita mlangoni bila kusimama na kupotelea kwenye mkondo wa Zanzibar. Kinachouzuia ni chumvi. Katika maji baridi chembe hizo hukataana kwa sababu kila moja ina chaji ya umeme ya aina ile ile juu ya uso wake, lakini zikikutana na maji ya bahari, chumvi huifisha nguvu hiyo ya kukataana, chembe hushikana kuwa mabonge, na mabonge huzama upesi kuliko chembe moja moja. Pamoja na hayo, maji ya bahari ni mazito zaidi: meta moja ya ujazo ina uzito wa kilo 1,025 hivi, wakati ya mto ina kilo 1,000. Kwa hiyo maji ya chumvi hujipenyeza chini kuelekea bara huku maji ya mto yakiteleza juu kuelekea baharini, na tope lililozama hurudishwa na mkondo wa chini hadi mahali ambapo mikondo hiyo miwili inashindana. Mahali hapo maji huwa mazito kwa tope kuliko juu zaidi na kuliko nje baharini, na hapo ndipo nanga hutoka imejaa matope.

Juu ya hayo yote kuna bahari. Wakati wa bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida, maji yetu hupanda na kushuka kwa zaidi ya meta 3, na ujazo huo wote unapaswa kuingia na kutoka mlangoni kabla maji hayajageuka tena. Wakati wa maji mafu, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kidogo tu, kazi hiyo hupungua sana na mchanga hupumzika. Kisha kusi inapovuma, mawimbi yanayokuja kwa mshazari husukuma mchanga kando ya ufuo kuelekea kaskazini, na fungu hurefuka upande huo mpaka linaukunja mlango. Kaskazi inaposhika zamu, hurudisha sehemu tu ya mchanga huo. Mto ukija na mafuriko mengine hukata fungu mahali palipo pembamba, na hapo unapata njia mpya.

Msweden Filip Hjulström alionyesha mwaka 1935 jambo ambalo litakusaidia zaidi ya yote niliyoyasema. Chembe iliyo rahisi kuliko zote kung'olewa chini si ile ndogo kuliko zote, bali ni mchanga. Changarawe ni nzito, na udongo wa mfinyanzi ukishatua hushikamana, hivyo vyote viwili huhitaji maji ya kasi kubwa zaidi ili viondoke. Kwa vitendo maana yake ni hii: fungu la mchanga usiliamini hata msimu mmoja, bali gema la tope lililoshikwa na mikoko unaweza kulitumia kama alama kwa miaka. Pitia mlango kwa ngalawa maji yakiwa yamekupwa wakati wa bamvua ya kwanza baada ya masika, mafungu yote yakiwa wazi, na utie alama zako upya. Hakuna ramani iliyochapishwa itakayokushinda kwa hilo.

Mwalimu, mimi ni mkulima, shamba langu la minazi liko kwenye kona ya mto Pangani, upande ambao mto unapinda. Nimekwisha kupoteza safu za minazi. Ng'ambo, ardhi inaongezeka na wenzangu wanalima. Nimeshauriwa nijenge ukuta wa mawe. Je, utasaidia? — Mkulima, Pangani

Pole sana, ndugu yangu. Kwanza nikueleze mto unafanya nini hapo, kwa sababu ukuta uliojengwa bila kulijua hilo huanguka pamoja na minazi.

Koroga chai yenye majani ndani ya kikombe, kisha uiache. Majani hayatakwenda kando, yatakusanyika katikati chini. Mwaka 1926 Albert Einstein alilieleza jambo hilo na kulihusisha na mito inayopinda. Maji ya juu, yanayokwenda kasi, husukumwa nje ya kona. Yakifika kwenye gema hushuka chini, kisha hutambaa kwenye sakafu ya mto kuelekea upande wa ndani, yakikokota mchanga. Kwa hiyo mto kwenye kona hauendi mbele tu, bali unajizungusha unapokwenda. Upande wako ni wa nje, ambako maji yanashuka na kuchimba, na upande wa wenzako ni wa ndani, ambako mchanga unapandishwa na kuachwa. Sehemu ya ardhi wanayolima leo ilikuwa mchanga na udongo wa upande kama wako, ingawa kwa kawaida hutoka kona za juu zaidi, si ng'ambo moja kwa moja.

Jambo la pili ni kwamba mto hauli gema kuanzia juu. Huchimba mguu wake, chini ya maji, mahali usipopaona. Gema likishachimbwa mguu husimama kwa muda, hasa mafuriko yakiwa juu, kwa sababu maji ya mto yenyewe yanaliegemea na kulishikilia. Maji yakishuka upesi, udongo uliolowa huwa mzito, hauna tena cha kuuegemea, na maji yaliyo ndani yake yanausukuma nje. Hapo ndipo safu ya minazi inapoondoka kwa mkupuo. Kwenu huko chini maji ya bahari hupanda na kushuka kila siku, kwa hiyo jambo hilo hilo hutokea kwa kiasi kidogo bila hata mafuriko. Mizizi ya mnazi haisaidii sana, kwa kuwa haina mzizi mkuu unaozama mbali, na uzito wa mti ulioinama ukingoni huharakisha anguko.

Sasa ukuta. Ukuta ulionyooka wima hufanya maji yachimbe zaidi mguuni pake, nao utaanguka kwa ukamilifu wake. Kama ni lazima kutumia mawe, yalazwe kwa mteremko, makubwa yawekwe mguuni chini kabisa ya usawa wa maji kupwa, na chini yake pawe na tabaka la changarawe, la sivyo maji yatanyonya udongo katikati ya mawe na mawe yatazama. Juu ya mstari wa maji panda mimea inayostahimili chumvi, na uache ukanda usiolimwa. Lakini lazima niseme wazi kwamba mto uliozuiwa kuchukua udongo kwako utachimba sakafu yake au utamhamia jirani yako wa chini. Kwa hiyo usiifanye kazi hii peke yako. Ipeleke kwa viongozi wa kijiji na kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, na ukumbuke kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka mtoni. Wengi huiona sheria hiyo kama usumbufu, ila kwenye kona ya nje ya mto mimi naiona meta 60 kuwa ni chache.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita hapa Tanga. Darasani tulibishana kama mmomonyoko wa ufuo wa Pangani umeletwa na mabwawa ya umeme au na bahari kupanda. Pia kuna aliyesema kuwa kisiwa cha Maziwe kilizama kwa sababu ya mabwawa hayo. Nani yuko sahihi? — Mwanafunzi, Tanga

Marahaba, mwanangu. Mabishano yenu yana afya, ila mmeyaweka kama mashindano ya timu mbili, na mambo hayako hivyo.

Anzeni na kinachojulikana. Bwawa husimamisha maji, na maji yaliyosimama huangusha mashapo, yaani mchanga na tope vilivyobebwa na mto. Yanayotoka chini ya bwawa ni maji safi yenye nguvu ile ile lakini hayana mzigo, kwa hiyo huutafuta mzigo kwa kuchimba sakafu na kingo za mto. Mashapo yanayofika baharini hupungua, na ufuo ambao bahari iliukata kila msimu na mto ukaujaza, sasa unakatwa bila kujazwa. Huko Misri, bwawa kuu la Aswan lililokamilika mwaka 1970 lilizuia karibu mashapo yote ya Nile, na rasi ya Rosetta ikarudi nyuma kwa kasi. Ghana, baada ya bwawa la Akosombo la mwaka 1965, mmomonyoko wa eneo la Keta, mashariki mwa mlango wa Volta, uliendelea kuwa tatizo kubwa, ingawa watu wa huko walikuwa wakipoteza nyumba hata kabla ya bwawa. Mfano huu wa pili upelekeni darasani, kwa sababu unawafundisha kutokufanya haraka.

Sasa Pangani. Nyumba ya Mungu ilijengwa katika miaka ya 1960 na hushika mashapo yanayotoka Kilimanjaro na Meru. Hale ilianza kazi mwaka 1964 na mtambo mpya wa maporomoko ya Pangani mwaka 1995, lakini mabwawa ya mitambo hiyo miwili ni madogo, hayashiki maji ya msimu mzima. Zaidi ya hayo, chini ya Nyumba ya Mungu mto hupokea Mkomazi na Luengera, ambayo huleta udongo wa milima ya Pare na Usambara, tena mwingi, kwa sababu miteremko imelimwa. Kwa hiyo siwezi kukubali kwamba mto wote umekatiwa mashapo. Kilichobadilika zaidi, kwa maoni yangu, ni mafuriko. Bwawa hukata vilele vya mafuriko na kugawa maji kwa usawa mwaka mzima, umwagiliaji nao huchukua sehemu yake, na nimekwisha kueleza kwenye jibu la nahodha kwamba kazi ya kusukuma mchanga hufanywa na vilele hivyo. Mto usio na mafuriko makubwa hauwezi kuupeleka mchanga mlangoni hata kama unao wa kutosha njiani. Pia hauwezi kuisukuma bahari, na ndiyo maana wakulima wa kandokando ya Pangani wanalalamikia chumvi inayopanda hadi mashambani mwao.

Bahari nayo inapanda. Tangu satelaiti zianze kuipima mwaka 1993, wastani wa dunia ni zaidi ya milimeta 3 kwa mwaka. Ni kidogo kwa mwaka mmoja, lakini ufuo wetu ni wa mteremko mdogo sana, na kila sentimeta ya wima huwa na maana kubwa kwa mlalo. Delta yenye mashapo ya kutosha hupanda pamoja na bahari. Isiyo nayo hubaki chini, hasa kwa kuwa tope lililotua hujishindilia lenyewe na kushuka mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo upungufu wa mashapo na kupanda kwa bahari hufanya kazi pamoja, na mnaobishana nyote mmeshika kipande cha jibu.

Maziwe ni kesi nyingine. Kilikuwa kisiwa chenye miti na mazalia ya kasa, kikatangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975, na leo ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Kiko nje ya mlango, juu ya miamba ya matumbawe, na mchanga wake mweupe hutokana na matumbawe na makombe yaliyosagika, si na mashapo ya mto. Kukatwa kwa miti iliyokuwa ikiushika mchanga huo hutajwa sana miongoni mwa sababu. Mwenzenu aliyeyalaumu mabwawa aanze kwanza kuonyesha kwamba kisiwa kile kililishwa na mto.

Kama mnataka mfano wa kufuatilia mkiwa hai, angalieni Rufiji. Delta yake ndiyo yenye msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko Afrika Mashariki kwa delta moja, na matawi yake hayakai: katika miaka ya 1970 sehemu kubwa ya maji ilihamia matawi ya kaskazini, na kilimo cha mpunga kikayafuata. Kina kifupi cha milango yake ndicho kilichoihifadhi manowari ya Kijerumani Königsberg wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mpaka Waingereza walipoleta Severn na Mersey, meli zilizoweza kuelea kwenye maji ya kina kidogo, na kuimaliza Julai 1915. Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 lilianza kujazwa maji Desemba 2022. Mlio na umri wa kidato cha sita mtakuwa na muda wa kuona delta hiyo inajibu vipi. Mimi sina hakika kama nitakuwa nao.

Mwalimu, mimi nazalisha chumvi. Watu wa mazingira wanasema mikoko inajenga ardhi. Kama ni hivyo, mbona wanatukataza kuikata ili tupate mabwawa ya chumvi, ilhali ardhi yenyewe itajengwa tena? Na je, ni kweli mikoko ndiyo iliyoiua bandari ya Kaole? — Mzalishaji chumvi, Bagamoyo

Mikoko haitengenezi udongo, ndugu yangu, bali huushika. Mizizi yake hupunguza kasi ya maji, na kama tulivyoona, maji yaliyolegea huangusha tope. Mahali ambapo mto hauleti tope, mikoko haiongezi ardhi yoyote ya maana. Kaole inafahamika kuwa iliuawa na mikoko: mji wenye msikiti unaokadiriwa kuwa wa karne ya 13 sasa umetengwa na maji kwa ukanda wa mikoko. Lakini tope ndilo lililotangulia. Mkoko hauoti kwenye kina cha kuelea jahazi. Mikoko ilikamilisha kazi iliyokwisha kuanzwa.

Swali lako la kwanza lina jibu ambalo huenda hukulitarajia, kwa kuwa linakuhusu wewe na nahodha wa barua ya kwanza. Mwaka 1931 mhandisi Mmarekani Morrough O'Brien alionyesha kwamba ukubwa wa mlango unaoingiliwa na bahari hufuata ujazo wa maji yanayoingia na kutoka kwa kila kujaa na kupwa. Eneo la mikoko ni ghala la maji hayo. Maji hupanda yakatanda katikati ya miti, kisha hutoka yote kupitia vijito na mlango, na kasi hiyo ya kutoka ndiyo inayofagia mchanga. Ukijenga tuta kuzunguka hekta kadhaa ili upate bwawa la chumvi, umeyafungia nje maji ya hekta hizo. Bwawa moja halitaonekana. Mabwawa mengi yakipangana, mlango hupungua upana na kina mpaka ulingane na maji yaliyobaki. Baadaye wazalishaji wale wale hulalamika kuwa mashua ya kubeba magunia ya chumvi haifiki tena gatini.

Mwalimu, kwa nini serikali isilete mashine ikachimba mlango wa mto mara moja tu, tukamaliza? — Mfanyabiashara, Bagamoyo

Kwa sababu shimo linalochimbwa mlangoni ni mahali penye kina kilichozidi, maji hulegea humo, na mchanga hutua humo kabla ya kutua popote pengine. Masika moja yanaweza kulijaza. Bandari zinazotegemea kuchimbwa huchimbwa tena na tena, na gharama hiyo haishi. Mchanga uliotolewa nao una pa kwenda: ukitupwa mbali baharini, ufuo wa kaskazini mwa mlango utapungukiwa, kwa kuwa ndio uliokuwa ukiupokea kusi ikivuma. Ukimwagwa kwenye ufuo huo, angalau unaendelea na safari yake. Na wale wanaochimba mchanga wa kujengea juu mtoni wasidhani wanaupunguzia mlango mzigo bila madhara. Shimo lao hutambaa kwenda juu ya mto, kwa sababu maji yanayoanguka ndani yake hukata ukingo wake wa juu, na likifika kwenye daraja hukutana na shimo jingine ambalo maji huchimba yenyewe kuzunguka kila nguzo, ambalo kina chake kinaweza kufika mara mbili ya upana wa nguzo hiyo.